Usiiwashe Mpaka Aprili

Seche mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia kwa masikio yangu mwenyewe. Uko chumba cha pili na mama yako, mnagombania begi. Yeye anataka kuongeza pakiti ya unga, wewe unasema Winnipeg kuna maduka, yeye anasema maduka yapo lakini unga wao haujui. Mimi nimejifungia jikoni na kalamu. Nimeambiwa nisionekane mpaka mzani wa begi ukubali.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Najua unaelewa kila kitu, ila kusoma unasoma taratibu, na ndivyo ninavyotaka. Neno likikushinda, mpigie mama yako umuulize, atafurahi wiki nzima. Mambo ya koti na soksi sitayagusa. Ameshayasema yote, na mengine ameyasema mbele ya wageni. Mimi nina jambo moja tu, la jana, kule gereji kwa Anko Otieno.

Mpaka jana asubuhi nilikuwa naiogopa safari yako. Wewe hukujua, kwa sababu nilijitahidi usijue. Ulipokuja na ile habari ya kazi ya maabara, ukasema hospitali yenyewe iko Winnipeg, nilikukumbatia nikasema hongera. Halafu nikachukua kapu la nguo nikashuka chini kwenye mashine za kufulia, nikakaa pale peke yangu mpaka nguo zikakauka, zikapoa. Nguo zenyewe zilikuwa safi tangu mwanzo. Mama yako aliliona kapu, akaniangalia, akaanza kuzikunja.

Nilichokuwa nakiogopa ni Kingston, kule ulikoanzia chuo. Unakumbuka ulivyorudi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umemaliza mwaka wa kwanza tu wa chuo, ukaingia mlangoni na mabegi yako yote na kile kimmea kwenye kikombe. Ukasema kozi ya hapa Toronto ni nzuri zaidi. Nikasema sawa mama, karibu nyumbani. Lakini moyoni nilisema, kuna kitu kimempata mwanangu kule. Mtoto aliyeondoka akiimba hawezi kurudi amenyamaza hivi kwa sababu ya kozi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nakuchunguza kimyakimya. Nilikuwa naangalia unavyokula, unavyofunga mlango wa chumba, unavyoitazama simu ikilia. Nilimtuma mama yako akuulize, akarudi na jibu lilelile la kozi. Nilifikiria kila baya ambalo baba anaweza kulifikiria juu ya binti yake, na mengine sitayaandika hapa. Nilichosadiki ni kwamba kule mbali ulivunjika, na ukienda mbali tena utavunjika tena.

Sasa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwenye pikipiki, maana bila pikipiki maneno haya hayaendi.

Unajua kwa nini niliinunua. Babu yako alikuwa bwana shamba kule Dodoma, na serikali ilimpa pikipiki ya Kijapani yenye tangi jekundu, akawa anazunguka nayo vijijini kuwaeleza watu habari za mtama na mifugo. Miaka mingi baadaye, huku Etobicoke, nikaikuta ndugu yake kabisa, ya rangi ileile, imeegeshwa mbele ya nyumba ya mzee mmoja na kibao cha kuuzwa. Nilisimama pale kwenye baridi mpaka mzee akatoka kuniuliza kama nimepotea. Mama yako aliposikia nimenunua pikipiki iliyonizidi uzee, aliniuliza kama na mimi niuzwe pamoja nayo.

Dodoma adui wa pikipiki ni vumbi. Hakuna mtu anayeilaza pikipiki miezi mitano kama huku wakati wa baridi, haijapata kusikika. Ikikaa bila safari kwa wiki moja, kuna mtu wa kuipiga kiki, inaunguruma kidogo, inazimwa, basi. Babu yako alipolala na malaria mimi ndiye niliyekuwa natumwa kila asubuhi kuiwasha, ili isisahau kazi yake, kama alivyokuwa akisema. Kwa hiyo baridi yangu ya kwanza nikiwa na ile yangu, nilifanya vilevile. Niliiweka kule chini kwenye maegesho ya jengo letu, nikaifunika turubai la nailoni, nikaifunga kamba kama mzigo wa lori. Kila Jumapili tukitoka kanisani nikawa nashuka, nafungua kamba zote, naiwasha, inaunguruma dakika kumi, naizima, naifunga tena. Wewe ulikuwa unanishikia tochi, umevaa lile koti la waridi, unakohoa moshi. Nilijiona mtu mwema sana. Majirani wengine walikuwa wanaziacha zao zinalala kama yatima.

Theluji ilipokwisha, yangu ndiyo iliyokataa. Iliwaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Niliipandisha kwenye gari la kukodi nikaipeleka Malton kwa Otieno. Wakati ule nilikuwa namjua kazini tu, yeye zamu ya usiku na mimi ya mchana, tunapishana mlangoni pa ghala. Nilichojua ni kwamba ana gereji nyumbani kwake na pikipiki mbili za zamani. Alifungua boliti ya chini, na oili iliyotoka ilikuwa kama chai ya maziwa. Akapitisha kidole chini ya bomba la moshi, kidole kikazama ndani. Kutu ilikuwa imelila bomba kutoka ndani kuja nje.

Nikasema, "Baridi ya nchi hii imeniulia pikipiki."

Otieno alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Hiyo baridi unaisingizia bure, boss. Haijafanya kitu. Ni wewe."

Akanieleza. Ukiwasha injini kwenye baridi kali kwa dakika kumi, ndani kunatoka jasho, na dakika kumi hazitoshi jasho lile kukauka. Maji yanabaki. Jumapili ifuatayo unaongeza mengine. Kumbe baridi nzima nilikuwa nashuka kwa upendo wangu wote, na mtoto wangu na tochi, kuitilia maji pikipiki yangu.

"Hii kitu ikitayarishwa poa haina shida," akasema. "Tangi ijae, oili mpya, shuka juu yake. Halafu unaenda zako. Wacha ilale."

Tangu mwaka ule inalala kwa Otieno, kati ya zile zake mbili, na mimi siigusi. Somo nililipata. Tatizo ni kwamba nililipata kwa upande wa pikipiki tu.

Maana ulipokwenda Kingston nilifanya nini? Nilikuwa nakupigia kila alfajiri kabla ya zamu. Usipopokea napiga tena, na ukipokea nakuuliza kwa nini hukupokea. Kila Jumamosi nilijaza gari vyakula nikashika barabara kuu, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, nikaja kukupangia friji wewe na yule mwenzako wa chumba aliyekuwa mpole mno kuniambia pilau imezidi. Ilinyesha mvua, nikaja. Ilianguka theluji, nikaja. Halafu ile Jumamosi ya dhoruba gari likateleza, likaingia mtaroni, dereva wa lori akanivuta. Nikaendelea na safari, badala ya kurudi. Nilifika kwako usiku, maharage yamemwagika kiti kizima, nikawa nakusimulia huku nacheka.

Wewe hukucheka. Ulinitengenezea chai, na kikombe kilikuwa kinatetemeka mkononi mwako. Nikakitazama kile kikombe nikasema moyoni, mtoto huyu hayuko sawa, kuna kitu. Mwaka wa chuo ulipoisha ukarudi nyumbani na kimmea chako.

Kwa miaka saba ule mkono unaotetemeka umekuwa ushahidi wangu.

Sasa jana. Otieno alitufungulia gereji, akakwambia, "Seche, leo wewe ndio fundi, huyu mzee asikusumbue," akaenda kulala kwa ajili ya zamu yake. Mimi nilidhani anatania. Kumbe mlikuwa mmepanga. Ulinigeuzia ndoo ukasema, "Baba, kaa."

Nikakaa. Nilisimama mara ya kwanza ulipokuwa unamwaga oili ya zamani, ukanirudisha. Nilisimama tena ulipofungua plagi, maana ile plagi ni ya zamani na ukiikaza vibaya umeharibu kichwa cha injini. Ukaniangalia tu, nikarudi kwenye ndoo. Uliiosha, ukaikausha mpaka kwenye vipande vya chuma ambavyo mimi huwa navipita. Ulijaza petroli mpaka kwenye shingo ya tangi, ukatia ile dawa ya kuzuia isichache, ukaiwasha mpaka ikapata moto wa kweli, ukafunga bomba la petroli ukaiacha iunguze ile yote iliyobaki kwenye kabureta mpaka ikazima yenyewe. Ilipopoa ukatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, ukaishusha kiki kwa mkono, taratibu, oili ienee. Mimi nilijifunza hayo kwa kuharibu. Wewe uliyajua kwa kunishikia tochi.

Nami mtu akininyang'anya spana huwa naongea. Nikaanza kukusimulia tena hadithi ya chai ya maziwa, unavyoijua, mpaka pale Otieno anaposema "ni wewe". Kwa kawaida hapo huwa unacheka. Jana uliacha kukunja kile kitambaa ulichoikaushia.

"Baba, unajua kwa nini nilirudi kutoka Kingston?"

Nikasema, "Kozi."

"Haikuwa kozi."

Niliwaza, haya, sasa ndiyo nitaambiwa. Niliishikilia ile ndoo kwa mikono miwili.

Ukasema, "You kept driving. Kila Jumamosi nakaa dirishani na simu, naangalia barabara imefungwa au iko wazi. Sisomi, silali. Halafu ukaingia mtaroni, na next Saturday ukaja tena. Nikasema basi. Nikirudi nyumbani, Baba ataacha kuendesha."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kwani wewe ulifikiri nini?"

Nikakuuliza ambalo sijawahi kuthubutu kukuuliza. "Hakuna mtu aliyekufanyia kitu?"

"Nani?"

"Mtu yeyote."

Ukaelewa, na uso wako ukabadilika. "Baba. Nobody. Nilikuwa na marafiki. Nilipapenda kule. Nilikuwa sawa."

Mwanangu, najua ungetaka nikwambie kwamba niliona aibu. Niliona. Nimekukatisha chuo ulichokipenda, ukakiacha ili baba yako asife barabarani akiwa na sufuria ya maharage, na hilo nitalibeba. Ukinikasirikia siku moja huko Winnipeg, kasirika, ni haki yako, na usiniharakishie kunisamehe. Lakini sitakudanganya juu ya kilichokuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni nafuu. Nafuu ambayo sijapata kuisikia tangu siku uliyozaliwa daktari akasema wote wawili wazima. Hakuna aliyekugusa. Hukuvunjika. Mkono ule wa chai ulikuwa unatetemeka kwa ajili yangu, mtu mzima niliyekaa mbele yako nikicheka. Yule mnyama niliyemwogopa miaka yote hiyo alikuwa ni mimi na gari langu dogo.

Nikaanza kucheka, wewe ukadhani nalia, na baada ya kitambo ukawa hujakosea. Ulikuja ukakaa sakafuni karibu na ndoo, na mikono yako ya oili, ukanipaka oili shati zima. Mama yako ameliloweka tangu jana na halitoki.

Nikakuuliza, "Na Winnipeg je?"

"Winnipeg huwezi kuja kwa gari Jumamosi, Baba. It's two days."

"Ndiyo maana umeichagua?"

Ulisema hapana, lakini ulisema haraka kidogo. Nimelipokea jibu lako jinsi lilivyo.

Jioni nilimweleza mama yako yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mimi nilihisi hivyo." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilikwambia usiendeshe kwenye theluji. Ukanijibu matairi ni mapya." Na ni kweli nilimjibu hivyo.

Nimekuwa nikijiuliza leo ghalani, mizigo inapita mbele yangu, ni nini hasa nilichojifunza, ili nikupe kitu cha kubeba chenye uzito mdogo kuliko unga. Najua unasubiri niseme mtoto ni kama pikipiki. Sisemi, mama yako amenikataza. Nitasema hivi tu. Mimi nilikuficha hofu yangu ili nisikuumize, na wewe ukanificha sababu yako ili usiniumize, na kwa kulindana huko tumepoteza miaka ambayo maneno ya robo saa kwenye gereji yangeiokoa. Nakuomba tusirudie. Ukiniona nakosea, niambie nikiwa bado nakosea. Nitanuna. Nitasema matairi ni mapya. Wewe niambie tu, na mimi kununa kutanitoka, unanijua sina pumzi ya kununa siku mbili.

Na ukiogopa kitu huko, sema kwa jina lake. Usiniambie kozi.

Mimi kwa upande wangu sitapiga alfajiri. Nimelifikiria hili vizuri. Betri ya pikipiki tumeileta nyumbani, iko pale sebuleni kando ya televisheni kwenye ile chaja mpya, na mama yako ameshalalamika. Betri ndiyo peke yake inayotaka kuangaliwa baridi nzima, na hata hiyo, chaja inaipa kidogo, ikijaa inajizima yenyewe. Nimeitazama chaja ile muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri. Kwa hiyo nakwambia, Jumapili tukitoka kanisani, wewe ndiye utakayepiga. Usipopiga nitajua una kazi, au una marafiki, au umelala. Nitakaa mkono chini ya paja. Mama yako ameahidi kuushikilia.

Nilivyofika hapa kwenye barua nilipata wazo. Nilisema nikuoneshe kwamba safari hii nimekomaa. Nitakuwekea humu kwenye bahasha ufunguo wa pikipiki, uende nao, ili hata nikishikwa na wazimu Jumapili moja ya Januari nikaenda kwa Otieno, nisiwe na cha kuwashia. Nikajiona mtu mkubwa kweli. Nikainuka, nikaenda pale mlangoni, kwenye ule msumari chini ya kalenda.

Msumari uko mtupu.

Nikatafuta kwenye makoti, nikatafuta kwenye kisahani cha sarafu. Mama yako akatoka chumbani kuchukua kamba ya begi, akaniona nimepiga magoti nikichungulia chini ya rafu ya viatu. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akasema, "Ameuchukua jana mlipotoka gereji. Amenikataza nisikwambie."

Seche, nimecheka mpaka nimerudi kukaa jikoni. Miaka yote nikijiuliza kama utaweza kujitunza huko mbali, na wewe umeshamaliza kunitunza mimi ukiwa bado hapa ndani. Basi uweke hapohapo ulipouficha. Sikuulizi ni wapi, na begi lako silipekui.

Kesho ndege yako itaruka nikiwa ghalani. Zinapita juu yetu kutwa nzima na sitajua ni ipi. Sitatoka nje kuangalia. Sawa, nitatoka mara moja.

Aprili, barabara zikishaoshwa ile chumvi ya kuyeyushia barafu, uje na huo ufunguo uiamshe mwenyewe. Nitakupokea uwanjani. Nitakuja kwa basi.

Baba yako